Kujenga na kurusha kwa mara ya kwanza modeli kubwa ya ndege ya kivita inayoendeshwa kwa rimoti hapa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunijia kwa simu, na mengine uwanjani injini ikiwa inaunguruma na jibu halisikiki. Nimeyapanga kwa mfuatano wa kazi, kuanzia kuchagua hadi kutua. Kama una haraka, soma swali la hewa kwanza. Ndilo linalowashinda wanaofuata maelekezo ya Ulaya neno kwa neno.

"Kubwa" maana yake kubwa kiasi gani?

Chama cha Marekani kiitwacho IMAA huhesabu ndege yenye bawa moja kuwa kubwa ikifika mita 2.03 kutoka ncha hadi ncha, na yenye mabawa ya ghorofa mbili ikifika mita 1.52. Ukipunguza Spitfire ya kweli, yenye mita 11.23, kwa kipimo cha 1:5, unapata bawa la mita 2.25 na kiwiliwili cha mita 1.8 hivi. Mabawa yakitoka, hiyo inaingia kwenye Noah ukilaza viti. Ya 1:4 inaanza kudai Canter, na ukishakodi Canter kila Jumapili utaanza kuulizwa maswali ya aina nyingine nyumbani.

Inaweza kuwa ndege yangu ya kwanza?

Hapana. Anza na ya povu ya kujifunzia, kisha ya michezo yenye bawa la chini. Ukishaweza kutua ile ya pili kwenye upepo wa pembeni bila jasho, turudi kwenye mazungumzo haya.

Nichague ipi kati ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia: Spitfire ya Waingereza, Mustang na P-47 za Wamarekani, na zile za Kijerumani?

Watu huchagua kwa macho. Mimi huwaambia watazame magurudumu. Spitfire ya kweli ilikuwa na nafasi ya takriban mita 1.7 tu kati ya gurudumu na gurudumu. Bf 109 ya Wajerumani nayo ilikuwa na miguu myembamba iliyochanuka nje, na iliwasumbua hata marubani wa vita wakati wa kuruka na kutua. Modeli hurithi tabia hiyo yote. Kwenye nyasi zetu zenye visiki na vichuguu, ndege ya miguu ya karibu huyumba, bawa moja likagusa chini, ikajizungusha papo hapo na kuvunja mguu.

P-47 ina zaidi ya mita 4 kati ya magurudumu, na Mustang ina mita 3.6 hivi. Kwa Mwanza ningeanza na P-47. Kiwiliwili chake kinene kina nafasi ya kila kitu na bawa lake ni pana. Kasoro yake ni pua fupi, kwa hiyo utabeba puani vipande vya risasi, yaani lile madini zito, ili uzito ukae sawa. Hurricane ya Waingereza pia ni chaguo zuri lisilopewa heshima yake: miguu ipo mbali kuliko ya Spitfire na bawa ni nene. Mustang ni nzuri angani, ila ukiibana kwenye kona ukiwa polepole, bawa moja huachia (yaani linaacha kuinua) kabla ya jingine na ndege inajibinua bila kukuaga.

Nahitaji kibali?

Ndiyo, na ukitafute kabla ya kununua injini. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayosimamia vyombo visivyo na rubani ndani yake, na Wizara ya Ulinzi nayo huhusika. Usidhani kwamba kukosa kamera kunakuondoa kwenye orodha. Nenda ofisini na picha, vipimo, uzito na jina la eneo unalotaka kurukia, na ukipata jibu, lipate kwa maandishi. Baada ya hapo nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, na uwaarifu polisi wa karibu. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, ufukweni kabisa, na ndege zake hupita chini zikija kutua. Upande huo wote wa mji usahau.

Kwa nini ndege iliyoruka vizuri kwa mwenzangu Dar inagoma hapa?

Kwa sababu ya hewa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hakuna mahali pa kurukia karibu na Mwanza palipo chini ya hapo. Ongeza joto. Mchana wa nyuzi 28, hewa yetu inakuwa nyepesi kama ya mahali palipo mita 1,800 na ushei kwenye majedwali ya kawaida ya anga. Ni pungufu ya hewa ya kawaida ya usawa wa bahari kwa takriban asilimia 17.

Upungufu huo unakukata mara mbili. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hichohicho, kwa kuwa inavuta hewa kidogo kila mzunguko. Bawa nalo linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili lishike. Chukua Spitfire ya 1:5, yenye eneo la bawa la takriban mita za mraba 0.9. Ikiwa na kilo 10, usawa wa bahari siku ya baridi, bawa litaachia kwenye kilomita 44 kwa saa hivi. Hapa mchana, ni 48. Hilo tunalimudu. Sasa mwenye ndege aongeze rangi nzito, risasi isiyo na hesabu, faiba ya mtumbwi na rubani wa plastiki mwenye miwani, afikishe kilo 13. Kuachia kunapanda hadi 55, na kwa kuwa tunakuja kutua kwa mwendo wa theluthi moja zaidi ya huo, ndege inafika ardhini ikiwa juu ya 70. Nishati inayopaswa kumezwa na miguu inaongezeka kwa karibu asilimia 70 ukilinganisha na ile ya kilo 10. Ndiyo maana miguu inang'oka na watu wanailaumu.

Kwa hiyo nikikuta mtu anapima kila kipande kwenye mizani ya jikoni, najua ndege yake itarudi nyumbani nzima. Uzito unaotajwa kwenye boksi uchukulie kuwa kikomo, na ukiweza bakia chini yake.

Nitapata wapi vifaa?

Balsa yenyewe hutoka hasa Ecuador na dukani kwetu haipo. Inaagizwa. Nyembamba za ubavuni agiza, kwa sababu mbao za huku ni nzito mno kwa kazi hiyo. Plaiwudi ya kuta za injini na mahali pa kufungia miguu, chagua ile ya tabaka nyingi nyembamba. Plaiwudi ya dari hupasuka kwa mtetemo.

Faiba ipo, kwa kuwa mafundi wa boti wapo. Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni mkeka: wao hutumia wa gramu 300 hadi 450 kwa mita ya mraba, na kwa ngozi ya bawa unataka kitambaa cha gramu 25 hadi 50. Ukiuchukua wa boti umejenga boti. Wa pili ni resini. Resini ya polyesta inayotumika kwenye boti huyeyusha povu jeupe la polistirini mbele ya macho yako. Ukiwa na bawa la povu tumia epoksi peke yake. Na epoksi ichanganye kwa mizani, jioni jua likishapoa, kwa sababu kwenye joto hukauka ikiwa bado kikombeni.

Risasi ya puani isikuumize kichwa. Fundi yeyote wa kubalansi matairi anazo za kubandika, na zina gramu zake zimeandikwa juu.

Injini gani, na mafuta je?

Kwa ndege ya mita 2.2 na kilo 10, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 50 hadi 60 ndiyo saizi yake. Mahali ambapo mtu wa pwani angeridhika na 50, mimi naweka 60, kwa sababu ya ile asilimia tuliyoizungumza. Petroli inauzwa kila kona. Mafuta ya methanoli na nitro ni shida tupu kuyapata huku, kwa hiyo injini za namna hiyo waachie wengine.

Sasa oili. Hapa kandokando ya ziwa kila mtu anajua kuchanganya oili na petroli, maana injini za mitumbwi zimetufundisha. Lakini oili ya boti, ile iliyoandikwa TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Injini yako inapozwa na upepo na inachemka zaidi. Tafuta oili ya tu-stroki ya injini za upepo, yenye alama ya JASO FD kwa mfano, na uwiano ufuate kitabu cha injini. Nyingi hutaka kati ya 30:1 na 40:1.

Kabureta nayo itahitaji mkono wako. Injini iliyosetiwa usawa wa bahari ikija hapa inakula mafuta mengi kuliko hewa, inatoa moshi na kukohoa. Funga sindano ya mwendo wa juu kidogo kidogo, robo ya robo, mpaka iimbe, kisha ifungue kiasi kidogo tena. Sindano iliyobanwa mno husikika vizuri ardhini, halafu injini inachemka na kuzima ndege ikiwa inapanda. Propela pia hushika kidogo kwenye hewa nyepesi. Ikiwa kitabu kinakupa saizi mbili, jaribu kubwa.

Servo na betri?

Servo (mota ndogo zinazosogeza sehemu za usukani) ziwe za gia za chuma, zenye nguvu ya kilo 15 kwa sentimita au zaidi kwenye eleveta (ya mkiani, ya kuinua na kushusha pua), eileroni (za mabawani, za kulaza ndege kushoto na kulia), flapu (za mabawani, za kutulia polepole) na usukani wa mkia. Moja kwa kila kipande cha eleveta, ili moja ikifa nyingine ikurudishe. Risiva, inayopokea mawimbi ya rimoti, ipate umeme kutoka betri mbili, kila moja na swichi yake. Betri ya cheche za injini iwe peke yake, na uwe na njia ya kuzima cheche kutoka kwenye rimoti.

Kuagiza betri za lithiamu kwa ndege kuna masharti ya mizigo hatari, kwa hiyo usishangae kifurushi kikifika bila betri. Na injini iliyokwisha kunusa petroli usijaribu kuisafirisha kwenye begi la abiria.

Uwiano wa uzito nauwekaje?

Tafuta wastani wa upana wa bawa, kisha ndege ining'inie kwenye robo ya upana huo kutoka mbele, yaani asilimia 25. Ramani ikisema asilimia 30, kwa safari ya kwanza bado mimi naanza na 25. Pima tangi likiwa tupu na magurudumu yakiwa yamekunjwa, maana hivyo ndivyo itakavyokuwa hewani mwisho wa safari. Ndege yenye pua nzito ni mvivu, ila inarudi. Yenye mkia mzito haikupi nafasi ya kujifunza chochote.

Kumbuka pua ni fupi na mkia ni mrefu. Gramu moja ya ziada mkiani hudai mbili au tatu za risasi puani, kwa hiyo msasa wako uanzie nyuma.

Tunarushia wapi?

Mialo inavutia watu kwa ubapa wake, lakini kuna nyavu, dagaa wameanikwa, na watu wako kazini. Viwanja vya shule ni vifupi na watoto hukimbilia ndege badala ya kuikimbia. Barabara ya changarawe hula propela. Ninachotafuta ni malisho tambarare upande wa Magu au Misungwi, mita 120 hadi 150 zilizo wazi, udongo wa kichanga, na pande zote mbili za njia bila miti. Udongo mweusi wa mbugani uepuke hata kiangazi: ukikauka hupasuka, na ufa mmoja unameza gurudumu. Majaruba ya mpunga yana matuta, hayafai.

Mwenye ng'ombe mpe taarifa siku moja kabla. Mara nyingi atakuja kutazama yeye mwenyewe na atakusaidia kuwazuia watu kuliko askari yeyote.

Saa ngapi?

Saa moja hadi saa tatu asubuhi. Hewa ni baridi, kwa hiyo nzito, na upepo wa ziwa haujaamka. Nchi kavu ikishapata joto, upepo huingia kutoka ziwani na mchana huwa na mikupuo. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kupanga safari ya kwanza. Wakati wa vuli na masika, radi za ziwani hupiga usiku na asubuhi unakuta uwanja ni matope.

Siku ya kwanza nafanya nini kabla ya kuruka?

Injini iwe imeshakunywa matangi kadhaa nyumbani, mahali ambapo majirani wamekubali. Uwanjani, jaribu umbali wa rimoti kwenye hali ya nguvu ndogo, hatua 30, injini ikiwa imezimwa na kisha ikiwa inazunguka, huku mwenzako ameshika ndege. Zima rimoti uone kama injini inashuka au inazima yenyewe. Isipofanya hivyo, pakia vitu mrudi nyumbani.

Tazama kila usukani unaelekea upande gani ukiwa umesimama nyuma ya ndege. Eileroni zilizogeuzwa zimeua ndege nyingi zilizojengwa kwa ustadi mkubwa. Kisha itembeze ardhini, polepole, halafu mwendo wa kati, mkia ukiwa chini.

Uwe na mtu mmoja kando yako ambaye kazi yake ni kutazama anga na kusema. Mmoja tu. Wanaoshauri wakiwa watano, hakuna anayetazama ndege.

Kuruka kwenyewe?

Elekea upepo. Eleveta vuta kidogo ili mkia ukae, ongeza gesi (nguvu ya injini) taratibu, kwa sekunde tatu au nne hivi. Propela za modeli nyingi zinazunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa ukitazama kutoka kiti cha rubani, na nguvu hiyo huvuta pua kushoto, kwa hiyo uwe tayari kuupeleka usukani wa mkia kulia. (Spitfire za kweli zilizofungwa injini ya Griffon zilivuta upande wa pili, na marubani waliozoea injini ya awali ya Merlin walipata somo lao.) Mkia ukiinuka, legeza eleveta na uiache ndege ikimbie. Hapa kwetu itakimbia mbali kuliko ulivyoona kwenye video. Usiivute. Ikitaka kuondoka itaondoka.

Panda kwa mteremko mdogo, bila kona mpaka iwe na mwendo. Magurudumu acha chini mzunguko wa kwanza. Rekebisha trimu mpaka ndege inyooke bila kushikwa, panda juu ya kutosha, kisha punguza gesi na ulijaribu bawa: linaachia kwenye mwendo gani, na linaangukia upande upi? Rudia na flapu zikiwa chini. Usipofanya hivyo juu, utafanya mita mbili kutoka ardhini. Dakika tano au sita zinatosha, uteremke mafuta yakiwa bado.

Injini ikizima?

Pua chini mara moja, hata kama moyo unakataa. Magurudumu chini ikiwa uwanja unafikika. Ukiwa umetoka tu kuruka, nenda moja kwa moja mbele, ukaharibu miguu kwenye majani. Kugeuka kurudi uwanjani ukiwa chini na polepole ndiko kunakomaliza ndege.

Na kutua?

Kwa nguvu ya injini. Njoo kwa mstari mrefu, flapu chini, gesi ikishikilia mteremko na eleveta ikishikilia mwendo. Wengi hufunga gesi mapema, kwa mazoea ya ndege za povu, na propela kubwa iliyopunguzwa ni breki. Gusa kwa magurudumu mawili ya mbele, mkia utashuka wenyewe. Ukiona mambo hayajakaa sawa, ongeza gesi taratibu na uzunguke tena.

Mwewe na korongo?

Mwewe hukwepa. Korongo wa jalalani, wale wakubwa wa Mwanza, hawakwepi, na huzunguka juu kwenye hewa ya joto. Sababu nyingine ya kuruka asubuhi.

Kwa nini tusirushie ziwani, kwa ndege yenye maboya badala ya magurudumu?

Historia ipo. Mwaka 1916 Wabelgiji walirusha ndege za maji aina ya Short 827 kwenye Ziwa Tanganyika na kupiga Kigoma, na mwaka uliotangulia ndege za Waingereza zilikuwa zikiisaka meli ya Königsberg kwenye delta ya Rufiji. Short hizo ni modeli nzuri mno: kubwa, polepole, mabawa ya ghorofa. Ila kwa ziwa letu kuna magugu maji, mawimbi ya mchana, na lazima uwe na mtumbwi wa kuifuata, wenye mtu anayejua kuogelea ndani yake. Safari ya kwanza ifanyie nchi kavu.

Nataka MiG-21, ile jeti ya Kisovieti.

Injini za jeti za modeli hunywa mafuta ya taa au ya ndege, bei yake iko juu sana, na bawa dogo la pembetatu linatua kwa kasi inayohitaji lami. Hapa hatuna lami ya kuruhusiwa. Tazama kwenye picha.

Naipaka rangi na alama gani?

Za historia ya nje, zinazotambulika. Mimi sichori alama za jeshi letu na sifungi kitu chochote chenye umbo la bomu. Mwanza ina kumbukumbu: Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya mabomu ya Libya aina ya Tu-22 iliyotumwa kuupiga mji huu ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama na kuua swala. Waliokuwapo bado wapo, na ndege ya kijivu inayonguruma juu ya mashamba bila taarifa haiwafurahishi.

Ikiangukia shamba la mtu?

Usiifuate mbio ukikanyaga mihogo. Mtafute mwenye shamba kwanza, umwamkie, uingie naye. Chomoa betri kabla ya kuokota chochote, na betri ya lithiamu iliyopondeka iweke peke yake kwenye mchanga, mbali na gari, maana inaweza kuwaka hata baada ya saa nzima. Okota vipande vyote vya plastiki na waya, ng'ombe wasije wakavila. Mazao yaliyoharibika yalipwe palepale, kabla watu hawajaongezeka na bei haijapanda.